Kilio huanza mfiwa: Tunavyowasikia vibaya wafiwa wa Israeli na Palestina

Mwishoni mwa Januari 2026, saa kubwa iliyosimikwa katika uwanja mmoja wa Tel Aviv ilizimwa. Ilikuwa ikihesabu muda tangu Oktoba 7, 2023, siku wapiganaji wa Hamas, kundi la Kipalestina la Gaza, walipoishambulia Israeli na kuchukua mateka, na zilikuwa zimepita siku 840 na ushei. Ilizimwa kwa sababu mwili wa mateka wa mwisho, askari polisi kijana, ulikuwa umepatikana kaskazini mwa Gaza, baada ya wanajeshi kufukua makaburi na kukagua maiti moja baada ya nyingine. Wachambuzi wengi, wa huko na wa kwetu, waliandika siku hizo kwamba suala la mateka limekwisha, familia zimepata faraja, na sasa kilichobaki ni siasa. Nadhani wamekosea mahali muhimu sana. Katika mgogoro huu mazishi na siasa havijawahi kutenganishwa: nani anazikwa, nani ananyimwa kaburi, nani anaruhusiwa kumlilia nani, hayo yote ni maamuzi ya watawala na ya wenye bunduki. Na wale wafiwa wa pande zote mbili wanaosimama pamoja kutaka amani tunawasikia vibaya. Tunadhani wanatoa msamaha, au wanaomba huruma. Ukiwasikiliza kwa makini, wanachotoa ni madai, tena madai mazito kuliko ya wanasiasa wengi wanaozungumza kwa niaba yao.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Sisi wa Afrika Mashariki, kwa vita hivi, tumeanza kulia kabla ya mfiwa, na mara nyingi tumelia kwa sauti ya kumzidi. Bendera hii na ile zimepandishwa kwenye picha za wasifu, aya za Qur'ani na mistari ya Biblia zimerushwa kama mawe, na mtu akifa swali la kwanza huwa ni la upande wake. Hilo lilionekana hata msiba ulipoingia nyumbani. Vijana wawili wa Kitanzania, mmoja wa miaka 21 na mwingine wa miaka 22, walikwenda Israeli Septemba 2023 kujifunza kilimo kwa vitendo. Mwezi haujaisha wakauawa katika shambulio la Hamas. Siyataji majina yao hapa; wazazi wao wameyasikia ya kutosha midomoni mwa watu wasiowajua. Mwili wa mmoja ulitambuliwa na kurudishwa Novemba 2023. Wa mwingine ulishikiliwa Gaza hadi Novemba 2025, miaka miwili na zaidi. Chini ya habari zao nilisoma maneno ya Watanzania wenzangu, baadhi wakiuliza kijana alifuata nini kwa Wayahudi, wengine wakikitumia kifo chake kuhalalisha mabomu yaliyokuwa yakiwaangukia watoto wa Khan Younis huko Gaza. Sikuona wengi waliouliza wazazi wanalalaje.

Mimi ni mtu wa Kagera. MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, baba yangu mdogo alikuwamo, na mwili wake haukuonekana. Wazee waliamua tuzike shina la mgomba ili matanga yapate kuanuliwa. Shangazi yangu alikataa kunyanyuka mkekani. Alisema mgomba hauna uso. Simulizi hiyo ni ndogo mbele ya ninayoyaandika, lakini ndiyo iliyonifundisha kwamba kumnyima mtu maiti yake ni kumzuia asifike mwisho wa kulia. Kwa Wayahudi, siku saba za kukaa chini na kupokea wageni huanza baada ya mazishi. Pasipo mazishi, kwa kawaida hesabu haianzi. Kwa Wapalestina Waislamu maiti huoshwa, husaliwa na kuzikwa haraka, kisha jamaa hupokea wageni siku tatu kwa kahawa chungu, desturi ambayo mtu wa Mombasa au Unguja ataitambua mara moja. Ipo swala ya ghaibu kwa aliyefia mbali, lakini mama anayesikia tetesi kwamba huenda mwanawe yuko hai gerezani hawezi kumsalia. Anaganda.

Pande zote mbili zinaujua uzito huo, na zimeutumia. Hamas na makundi mengine yalichukua maiti kuingia nazo Gaza kwa sababu yalijua jinsi Waisraeli wanavyouheshimu wajibu wa kumzika mtu wao. Israeli nayo kwa miongo mingi imeshikilia miili ya Wapalestina, mingine kwenye majokofu, mingine katika makaburi yenye vibao vya namba badala ya majina. Mwezi Septemba 2019 Mahakama ya Juu ya Israeli iliruhusu jeshi kuendelea kuishikilia kama dhamana ya mazungumzo. Kwa hiyo makubaliano ya kusitisha vita yaliyoanza kutekelezwa Oktoba 10, 2025 yalipoweka bei ya miili 15 ya Wapalestina kwa kila mwili mmoja wa Muisraeli, biashara yenyewe ilikuwa ya zamani. Kilichokuwa kipya ni kwamba ulimwengu mzima uliitazama. Miili zaidi ya 300 ilipelekwa Gaza, mingi ikiwa na namba tu, katika hospitali zisizo na vifaa vya kupima vinasaba. Katika Hospitali ya Nasser jamaa walionyeshwa picha kwenye skrini: meno, vidole, kipande cha shati. Ambayo haikutambuliwa ilizikwa kwa pamoja Deir al-Balah. Na chini ya vifusi bado wamo maelfu. Anayesema mambo yamekwisha amehesabu upande mmoja wa jedwali.

Sasa turudi kwa hao wafiwa. Mwaka 1994 Hamas walimteka na kumuua mwanajeshi kijana, Arik Frankenthal. Baba yake, Yitzhak, Myahudi mshika dini, mwaka uliofuata alianzisha kundi la familia zilizofiwa ambalo leo linajulikana kama Parents Circle, lenye mamia ya familia za Waisraeli na Wapalestina. Sharti la kuingia ni moja, nalo hakuna anayelitamani: uwe umempoteza mtu wako katika mgogoro huu. Rami Elhanan alimpoteza binti yake Smadar, hajatimiza miaka 14, Septemba 4, 1997, katika shambulio la kujitoa mhanga kwenye mtaa wa Ben Yehuda, Yerusalemu. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alikwenda kwenye mkutano wake wa kwanza wa kundi hilo kwa shingo upande, akiwa na hasira, akasimama pembeni kutazama watu wakishuka kwenye basi. Akashuka mama wa Kipalestina aliyevaa nguo nyeusi, kifuani akiwa na picha ya mtoto wake. Rami alikuwa na miaka karibu hamsini, na kwa maelezo yake hiyo ndiyo mara ya kwanza kukutana na Wapalestina kama watu, wala si vibarua au magaidi. Miaka karibu kumi baada ya kifo cha Smadar, Januari 2007, Abir, binti wa miaka 10 wa Bassam Aramin, alipigwa risasi ya mpira kichwani na askari wa mpakani huko Anata, karibu na shule yake, akafariki siku chache baadaye. Bassam alikuwa amefungwa miaka saba tangu akiwa na miaka 17, na alipotoka alishiriki kuanzisha Combatants for Peace, chama cha waliokuwa wapiganaji wa pande zote mbili. Rami na Bassam leo huitana ndugu.

Hapa ndipo wasimulizi wengi huishia, kwenye kukumbatiana, na hapa ndipo kosa linapoanzia. Mwaka 2024 picha ya Maoz Inon, ambaye wazazi wake waliuawa Oktoba 7 huko Netiv HaAsara, na Aziz Abu Sarah, ambaye kaka yake alifariki kwa majeraha aliyoyapata katika jela ya Israeli, wakikumbatiana mbele ya Papa Francis mjini Verona, ilizunguka dunia nzima. Ni picha nzuri. Lakini picha haisemi wanadai nini. Tumwangalie Bassam baada ya mazishi. Alikwenda mahakamani. Hakuna askari aliyeshtakiwa kwa jinai, lakini mwaka 2010 mahakama ya Yerusalemu ilitamka kwamba dola ya Israeli inawajibika kwa kifo cha Abir. Baadaye alikwenda Uingereza kusomea maangamizi ya Wayahudi huko Ulaya, kwa sababu alitaka kuielewa hofu ya wanaomtawala. Mtu aliyesamehe na kunyamaza hafanyi hivyo. Au tumwangalie Daktari Izzeldin Abuelaish wa Jabalia, Gaza, aliyekuwa akitibu wagonjwa katika hospitali za Israeli. Januari 16, 2009 kombora la kifaru liliua mabinti zake watatu, Bessan, Mayar na Aya, pamoja na mpwa wake Noor, na kilio chake kikasikika moja kwa moja kwenye televisheni ya Israeli kwa kuwa alimpigia simu mwandishi aliyemfahamu. Alikataa chuki, na kwa hilo anasifiwa duniani kote. Wanaomsifu hawataji sana kwamba alidai haki na kuombwa radhi kwa zaidi ya miaka kumi katika mahakama za Israeli, hadi Mahakama ya Juu ilipotupilia mbali madai yake mwaka 2021. Kukataa chuki na kudai haki kwake vilikuwa kazi moja.

Nurit Peled-Elhanan, mama yake Smadar, alikwenda mbali zaidi. Aliitupia serikali yake lawama ya kifo cha binti yake, akisema ukaliaji wa mabavu wa ardhi za Wapalestina ndio unaozalisha watu wa kujilipua. Mwaka 2001 Bunge la Ulaya lilimpa Tuzo ya Sakharov pamoja na mwandishi Mpalestina Izzat Ghazzawi, ambaye mwanawe wa miaka 16 aliuawa na jeshi la Israeli mwaka 1993 katika uwanja wa shule, na Askofu Zacarias Kamwenho wa Angola. Robi Damelin naye, mzaliwa wa Afrika Kusini, alipoletewa habari mwaka 2002 kwamba mwanawe David ameuawa na mdunguaji, jibu lake kwa maofisa wa jeshi lilikuwa kwamba wasimuue mtu yeyote kwa jina la mwanawe. Sentensi hiyo haina msamaha ndani yake. Ni mama anayeiambia dola: maiti hii ni yangu, wala usiifanye kuni.

Zipo hoja nzito dhidi yao, na hazistahili kupuuzwa. Waisraeli wengi wanasema kwamba kuwakumbuka pamoja askari aliyekufa akilinda kwao na Mpalestina aliyekufa kwa mkono wa jeshi ni kufuta tofauti kati ya mlinzi na mshambuliaji. Tangu 2006 makundi haya hufanya hafla ya pamoja katika mkesha wa siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, na wenye mamlaka wamewahi kuwanyima Wapalestina ruhusa ya kuihudhuria. Mwaka 2018 na 2019 mahakama ndiyo iliyoamuru Wapalestina waruhusiwe kuingia. Mwaka 2025 wahuni waliwavamia watu waliokusanyika kuitazama hafla hiyo katika sinagogi moja mjini Raanana. Naielewa hasira ya mzazi anayeona heshima ya mwanawe inagawanywa. Ila hoja hiyo ina tundu: wafiwa hawa hawasemi vifo vyote vimetokana na sababu zilezile. Wanasema mwenye haki ya kuamua maana ya kifo kwanza ni mfiwa, na serikali haina ruhusa ya kumpokonya. Anayetaka kumkumbuka mwanawe kwa gwaride la kijeshi hajazuiwa na mtu.

Hoja ya Wapalestina inanigusa zaidi. Wana neno la Kiarabu, tatbii, yaani kulifanya lisilo la kawaida lionekane la kawaida. Wanasema: mnalia pamoja jioni, kisha Muisraeli anapanda gari lake kwenda nyumbani na Mpalestina anarudi kupanga foleni kwenye kizuizi cha jeshi, na kibali chenyewe cha kuja kulia amepewa na jeshi hilohilo. Wanasema mizani ya machozi inaficha mizani ya nguvu. Siku ya Oktoba 7 waliuawa watu takriban 1,200 na 251 wakachukuliwa mateka. Gaza, kwa hesabu ya Wizara yake ya Afya, vifo vimepita 70,000, na hata baada ya usitishaji vita wa Oktoba 2025 mamia wameuawa. Ukiweka mishumaa miwili mezani, mmoja wa huku na mmoja wa kule, umesema uongo kwa mishumaa. Nakubali. Hafla yoyote ya pamoja inayoogopa kutamka ukaliaji, mzingiro wa Gaza na walowezi wa Ukingo wa Magharibi ni pambo, na Mpalestina ana haki ya kuikataa. Lakini shutuma hii inawafaa wafadhili na wapiga picha kuliko inavyowafaa wafiwa wenyewe. Bassam hutamka ukaliaji kila anaposimama. Rami, mwana wa mtu aliyenusurika Auschwitz, hutamka vilevile. Uchungu wao ni sawa bila hali zao kuwa sawa, na wao ndio wa kwanza kusema hivyo. Tofauti hiyo ni ngumu kuishikilia kichwani, hasa ukiwa mbali na umeshachagua bendera, lakini bila kuishikilia huwezi kuelewa lolote wanalolisema.

Ipo hoja moja dhaifu ambayo husikika sana, na kwa kuwa hutolewa kwa sauti ya hekima imepotosha wengi. Inasema hivi: tazameni Vivian Silver. Mama huyu mzaliwa wa Kanada, aliyekuwa na miaka 74, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Women Wage Peace, chama cha wanawake wanaodai amani, mwaka 2014, na aliwasafirisha wagonjwa wa Gaza kwenda hospitali. Oktoba 4, 2023 chama chake na dada zao wa Kipalestina, Women of the Sun, waliandamana pamoja kudai mazungumzo. Siku tatu baadaye aliuawa nyumbani kwake katika kijiji cha Be'eri, karibu na Gaza. Basi, wanasema, amani imejaribiwa na imeshindwa. Swali ni je, kilichojaribiwa kabla ya Oktoba 7 kilikuwa amani? Gaza ilikuwa chini ya mzingiro tangu 2007. Palikuwa na vita mwaka 2008 hadi 2009, 2012, 2014 na 2021. Mazungumzo ya maana kati ya serikali ya Israeli na uongozi wa Palestina yalikuwa yamekufa tangu 2014. Sera iliyokuwa ikitawala ilikuwa ya kuusimamia mgogoro bila kuutatua, kwa ukuta na kwa mabomu ya mara kwa mara, huku Hamas nao wakijenga utawala wao juu ya imani kwamba Muisraeli haelewi lugha nyingine. Sera hiyo ndiyo iliyokuwa madarakani asubuhi ile ya Jumamosi. Vivian alikuwa akiipinga. Kumwua mpinzani wa sera hakugeuzi sera kuwa sahihi. Mwanawe, Yonatan Zeigen, ameliona hilo. Baada ya mazishi aliacha kazi yake ya ustawi wa jamii akaingia kwenye harakati za amani.

Hata hivyo sitaki kuwapamba. Kufiwa hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu. Wapo wazazi Waisraeli waliofiwa waliopinga mapatano yoyote na Hamas wakitaka vita viendelee, na wapo wazazi Wapalestina wasiotaka kumsikia Muisraeli hata awe anatubu, nami sina ujasiri wa kumwendea mtu aliyewafukua watoto wake kwa mikono na kumwambia alipaswa kuhisi vipi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wanaodai amani ni wachache. Ila uchache wao haumaanishi kwamba hawana nguvu. Februari 1997 helikopta mbili za jeshi la Israeli ziligongana angani zikielekea Lebanon, wakafa wanajeshi 73, na kina mama wachache wenye wana jeshini wakaanzisha kampeni iliyoitwa Mama Wanne. Majenerali waliwadhihaki kwamba wanawake hawajui mambo ya vita. Mei 2000 jeshi liliondoka kusini mwa Lebanon. Na katika vita hivi vya Gaza, familia za mateka zilizokesha uwanjani Tel Aviv juma kwa juma, zikizuia barabara na kutukanwa bungeni, zilifanya mapatano yasiweze kukwepwa milele. Mfiwa, au anayeogopa kufiwa, akikataa kuwa kuni, moto hupungua.

Ndiyo maana nasema kosa la kusoma vibaya Januari ile lina madhara. Tukikubali kwamba mazishi ni habari za faragha na siasa ni habari nyingine, basi usitishaji vita utaendelea kuitwa amani ilhali maelfu wamo chini ya zege, na wapatanishi watahesabu malori na vizuizi bila kuhesabu majina. Vifaa vya kupima vinasaba kuingia Gaza vitakuwa jambo dogo la kitaalamu. Miili iliyomo katika makaburi ya namba itasubiri mateka wengine ili ipate bei. Na kila asiyezikwa leo anaachiwa ndugu wa miaka kumi au kumi na miwili anayekua akimsubiri.

Serikali ya Tanzania, kwa miaka miwili, iliendelea kuulizia mwili wa kijana mmoja hadi ukarudi. Ilifanya sawa. Haikuuliza kama wazazi wake wanaiunga mkono Israeli au Palestina, na balozi zetu hazikuona kwamba maiti moja ni jambo dogo mno la kupelekwa mezani kwa wakubwa. Inajua sasa jinsi jambo hilo linavyoombwa, kwa nani, na kwa subira kiasi gani. Ombi hilohilo linaweza kuandikwa kwa ajili ya waliozikwa kwa namba huko Deir al-Balah, na barua hiyo haihitaji kuchagua bendera.